Vidonge vya Kutia Figo Nguvu

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo sijaisahau, ingawa kichwa changu sasa kimejaa mvi. Ilikuwa hapa hapa Louisville, katika nyumba tuliyokuwa tumepanga kule Shively. Figo zangu zote mbili zilikuwa zimekufa. Shinikizo la damu lilizila polepole tangu tulipokuwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nasi tusijue, maana ugonjwa ule haupigi hodi. Nilikuwa bado kijana, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mfua mashuka katika nyumba ya kulelea wazee. Siku nisizofua nilikaa kitini, mkono umechomwa sindano, mashine ikinisafisha damu.

Mdogo wangu Wilondja alikuwa akiishi Columbus, akifanya kazi ya kubeba mizigo katika ghala moja pale Gahanna. Alipimwa, ikaonekana damu yetu inapatana, akakubali kunipa figo yake moja. Siku ya upasuaji ilishapangwa, ikabaki wiki tu. Akaja Louisville kwa vipimo vya mwisho. Shangazi yetu Anjelani, dada wa marehemu baba, naye akapanda basi kutoka Buffalo ili atupikie na kutuuguza. Kanisani walituombea. Wengine walisema, "Ni wajibu wake kumpa. Si dada yake alimbeba mgongoni siku ya kukimbia vita kule Fizi?" Maneno hayo yalinipendeza, sikufichi. Niliyasikia nikacheka kidogo, nikaacha yasemwe.

Basi asubuhi hiyo Shangazi alikuwa jikoni anamenya ndizi, simu ikalia. Muuguzi wa hospitali alisema kwa Kiingereza, na mkalimani, mama mmoja wa Kitanzania, akanigeuzia kwa sauti ya upole.

"Mama, upasuaji wa wiki ijayo hautafanyika."

"Kwa nini? Nimekosa nini?"

"Si wewe, mama. Ni majibu ya mtu anayekupa figo. Zaidi ya hapo sheria haituruhusu kukueleza habari zake."

Simu ilinitoka mkononi. Mwanangu, nimesikia bunduki zikilia nyuma yangu nikiwa nakimbia, lakini sikuwahi kuogopa kama siku ile. Sikulia. Nilitazama tu maganda ya ndizi mezani, nikawaza neno moja: amenikimbia. Amekwenda kwa daktari kwa siri, amesema hataki, nao wanamfichia.

Wilondja alikuwa barazani. Nilipomwita aliingia ameinamisha kichwa, nami sikumpa nafasi ya kukaa.

"Umenikimbia! Ungeniambia mwenyewe, si mpaka nisikie kwa mtu nisiyemjua!"

Alitoka mpaka garini kwake, akarudi na chupa ya kahawia yenye maandishi ya Kichina, akaiweka mezani. Shangazi aliifungua, akamimina sahanini. Vikatoka vidonge vidogo vyeusi, vya mviringo kama mbegu za papai, vinanukia asali na udongo uliolowa.

"Njo nini hii?" Shangazi akauliza kwa Kiswahili cha kwetu Fizi, ambacho njo ni ndiyo.

"Dawa ya Wachina, Shangazi. Ya kutia figo nguvu. Rafiki mmoja wa kazini njo alinionyesha kwa simu, nikaagiza." Akanigeukia, macho yamejaa machozi, akaniita Yaya kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa. "Yaya, sikukukimbia. Sikutaka kukupa figo zaifu. Nilikuwa nataka upate yenye nguvu."

"Ulimwambia munganga wa hospitali?"

"Hapana. Ni majani tu, Shangazi. Nilizani majani haiko dawa."

Maelezo ya chupani hakuweza kuyasoma, kwa hiyo alijipimia mwenyewe. Alimeza kiganja tele asubuhi, kiganja tele jioni, akiamini kwamba kama kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi. Jana yake daktari alikuwa amemwita peke yake, akamwambia figo zake zimeumia, akamuuliza ni kitu gani anachokunywa. Wilondja aliona haya. Akasema hakuna.

Mwanangu, hebu fikiri. Mtu ana figo mbili nzima, Mungu amempa, hospitali nzima imezipima na kuzisifu, naye anazitia maradhi kwa pesa yake ili zipendeze zaidi! Nilitaka kupiga kelele. Shangazi akaninyooshea kidole nikae.

Yeye hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Wilondja magoti yakigusana, akauliza swali ambalo mimi nisingeliuliza.

"Mwanangu, ni nani alikuambia kama figo yako haina nguvu?"

Wilondja akaizungusha chupa mezani. Wazee husema mficha uchi hazai. Shangazi akangoja. Ndizi alizokuwa amebandika ziliungua jikoni, na bado akangoja.

"Mgongo unaniuma kila siku, Shangazi," akasema hatimaye. "Na batu ba kazini wananicheka. Wanasema mwanaume wa figo moja haiko mwanaume, hawezi kuzaa. Wanasema hii dawa inatia mgongo nguvu, inatia na uanaume. Mimi na Riziki tuko karibu kuoana. Nikawaza, nikimupa Yaya figo moja, mimi nabaki na nini? Niko naogopa. Niko naogopa sana."

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko kwenye simu. Mdogo wangu huyu, niliyejua hata makovu ya magoti yake, alikuwa amebeba hofu miezi mizima, nami sikujua.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ningekuambia namna gani, Yaya? Wewe ulinibeba mgongoni toka Fizi."

Shangazi alinigeukia mimi sasa. Nilidhani karipio ni la Wilondja, kumbe sehemu kubwa ilikuwa yangu.

"Umesikia?" akasema. "Watu walipoimba kanisani kwamba mtoto huyu ana deni lako, ulicheka. Mimi nilikuona. Ulimbeba kwa sababu alikuwa mtoto na wewe ulikuwa na mgongo. Kuna siku umemuuliza kama anaogopa?"

"Hapana, Shangazi."

"Hukuuliza kwa sababu uliogopa jibu. Na yeye hakuuliza munganga kwa sababu aliogopa jibu. Bon, basi, mumeona. Wote wawili mumenyamaza, na kimya chenu ndicho kimezaa hii sumu iko kwa sahani."

Nilishuka kitini, nikamshika mdogo wangu miguu, nikamwambia: "Wilondja, huna deni kwangu. Figo ni zako. Nenda ukapone. Hata usiponipa, wewe ni mdogo wangu." Tulilia wote watatu mpaka nyumba ikajaa moshi wa ndizi zilizoungua.

Mchana ule ule Wilondja alirudi kwa daktari na chupa yake, akasema yote. Daktari hakumfokea. Alimwambia hawezi kujua kila kilichomo mle, kwamba mizizi mingine huumiza figo, na vidonge vingine huchanganywa na vitu visivyoandikwa. Akamwamuru aache kabisa, na upimaji utaanza upya baada ya miezi kadhaa.

Alipofika Columbus, Riziki alimpeleka kwa bibi mmoja wa Kichina mwenye duka la dawa za asili. Bibi yule aliipokea chupa, akavaa miwani, akasoma, akatikisa kichwa. Alisema jina lililoandikwa ni la dawa ya kale kweli, mchanganyiko wa mizizi na matunda ambao hata nyanya yake aliutumia. Lakini kwao haimezwi hivi hivi. Mganga hushika kwanza mkono wa mgonjwa, akasikiliza mapigo, akatazama ulimi, ndipo akapima. Tena akasema, wazee wa kwao wakitaja figo hawasemi kile kipande cha nyama kinachotolewa na mpasuaji. Wanasema nguvu za mtu mzima, magoti, masikio, uzee wake. Na waliotengeneza chupa hiyo yeye hawajui. "Kijana," akamuuliza, "wewe ulikuwa unaumwa nini?" Wilondja akataja mgongo tu. Figo zake zilikuwa nzima kabla ya vidonge.

Kungoja kulinigharimu. Shinikizo lilinipanda siku moja nikiwa kazini, na nilipozinduka jicho langu la kushoto lilikuwa limeingia giza. Halijarudi mpaka leo. Wilondja aliposikia alitaka kuacha kazi aje kunihudumia. Nilimkataza. Sikumsema kwa jicho lile hata siku moja, na wewe usimseme, maana najua vijana mnasikia habari hizi nusu nusu.

Kisha siku moja akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi.

"Yaya, damu imekuwa sawa, figo imepona. Na nilienda na Riziki kwa munganga, tukauliza maswali yote. Yote, Yaya, hata ile ya haya. Amesema mwanaume anazaa na figo moja. Mgongo wangu ni masanduku tu, njo yananiua."

"Wilondja, nilishakuambia, uko huru."

"Najua. Ndiyo maana nakuja."

Tulilazwa vyumba jirani. Nilipozinduka baada ya upasuaji, muuguzi alinyanyua mfuko uliokuwa ukining'inia kitandani, umejaa mkojo. Usicheke, mwanangu! Nilikuwa nimesahau kukojoa kulivyo. Niliutazama mfuko ule nikapigwa na bumbuwazi kama mtu aliyeona maji yakitoka jiweni, na Shangazi, mwanamke asiyelia ovyo, alifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Wilondja alioa mwaka uliofuata. Ana watoto watatu, na wa kwanza amepewa jina langu.

Sasa sikia ninachokuusia. Sikukatazi dawa za Wachina, wala za sisi Wabembe, wala za Wazungu. Kila kabila lina hekima yake, na kila hekima ina mwenyewe. Mtafute mwenyewe, usimeze jina lake tu. Kitu chochote unachotia kinywani, jani au kidonge au chai, mtajie daktari wako, hata kama kinakutia haya, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Usitibu mwili kwa ugonjwa wa hofu. Ukiogopa, tafuta mtu umwambie. Na ukimpenda mtu, muulize anaogopa nini, kisha uvumilie jibu. Wala usimhesabie ndugu yako wema uliomtendea, maana wema ukihesabiwa hugeuka mzigo, na mzigo ukizidi humwelekeza mtu kwenye chupa asizozijua.

Mungu akulindie kila kiungo alichokuumbia. Akupe ulimi wa kuuliza na sikio la kupokea jibu. Akuweke katika nyumba ambayo watu wake husemezana ukweli, na uzee wako ukukute ukiwa na ndugu wa kukushika mkono. Amina, mwanangu.