Makopo ya Rangi ya Maziwa

Mtaa mzima ulimwita Brashi, hata watu ambao hawakuwahi kumwona akishika brashi. Alikuwa fundi wa rangi, na nyumba yake ndiyo pekee mtaani isiyokuwa na rangi. Kinyozi hajinyoi, walimtania, naye alicheka pamoja nao kwa sababu hakuwa na la kujitetea. Kuta za watu aliziacha ziking'aa, zake zilibaki na lipu tupu la kijivu, na nyufa juu yake. Rangi yote ya nyumba ile ilikuwa uani, na wala haikuwa ya fundi. Ilikuwa ya mke wake.

Mkewe walimwita Mama Makopo. Kila Brashi alipomaliza kazi ya mtu alirudi na makopo matupu ya bati na mabaki ya rangi, na kazi yake ikawa moja tu: kutoboa matundu chini ya kila kopo kwa msumari na nyundo. "Umetoboa?" Mama Makopo alimuuliza kabla hajavua hata viatu. "Usiniletee kopo zima, maji yakituama mizizi inaoza, halafu utaniambia mimi ndiye sina mkono." Yaliyofuata hayakumhusu mwanamume. Mama alitandaza vigae vya vyungu vilivyovunjika, akachanganya udongo mweusi na samadi na mchanga kwa mikono yake miwili, akafinya donge kuona kama linashikana na kuachana inavyotakiwa. Kisha akapanda: mrefu nyuma, mnene katikati, wa kutambaa mbele umwagike ukingoni. Mchaichai nyuma, rehani katikati, na mbele vile vijani vidogo vya kutambaa ambavyo hata yeye hakujua jina lake. Waridi na jasmini walipewa makopo makubwa, kila mmoja peke yake, maana alisema hao wana kiburi, hawapendi kuchangia chumba.

Rangi za makopo alizichagua na kuzipaka mwenyewe. Hapo ndipo palipomuumiza Brashi. Kopo la buluu ya kuwaka lilikaa karibu na la njano, la njano likapakana na jekundu, halafu zambarau, halafu kijani cha mlango wa duka la dawa.

"Mama watoto," alimwambia siku moja, "rangi hii na hii haziwezi kukaa pamoja. Mimi ni fundi, nakwambia."

"Mbona mimi na wewe tumekaa?" alijibu bila kuinua uso. "Wewe paka kuta za watu. Makopo niachie."

Akamwachia. Miaka ikaenda hivyo. Wageni wakiingia uani walisimama kwanza, wakachekelea, wakaomba mche. Brashi akageuza macho pembeni kama mtu aliyeona nguo ya ndani ya jirani kwenye kamba.

Ugonjwa wa mama ulianza kwa mambo ya kuchekesha, nao wakacheka. Chumvi mara mbili. Kanga aliyoitafuta nyumba nzima huku kajifunga. Halafu akamwita binti yao, mtoto wao wa pekee, kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na hapo hakuna aliyecheka. Daktari alisema ni ubongo unachakaa, dawa ipo ya kupunguza mwendo tu, ya kuurudisha haipo. Brashi alisikia maneno yale akiwa ameshika kofia yake mapajani, na alichofikiri ni kwamba daktari ni kijana mno.

Siku mama alipotoka kwenda kwa fundi cherehani wa barabara ya pili na kurudishwa jioni na mtu wasiyemjua, akiwa pekupeku, binti alikuja mbio kutoka kwake, mji wa mbali. Hakupiga kelele. Alikaa na baba yake jikoni akamwambia taratibu:

"Baba, wewe umezeeka, yeye anaumwa. Mtaumizana. Kwangu chumba kipo na mtu wa kumwangalia yupo."

"Na mimi?"

"Wewe ukitaka, njoo. Lakini najua hutaki."

Alisema kweli. Nyumba ya mkwe ni nyumba ya mkwe. Mzee wa aina ya Brashi hawezi kwenda kula kwa kijana aliyemwoa binti yake na kuomba sabuni ya kuogea. Lakini kuachana na mkewe pia hakuweza, hilo hata kulitamka hakuweza. Akaomba wapewe nafasi. Mlango wa mbele atauwekea komeo la juu. Hatamwacha hata dakika. Na uani, alimwambia binti, uani mama hapotei kabisa, shahidi ni dobi.

Dobi alikuwa mpangaji wao wa chumba cha mbele, mtu wa kupiga pasi kutwa na kuanika mashuka ya watu uani. Alithibitisha. Na lilikuwa jambo la ajabu kweli, maana uani pale hata mtu mwenye akili timamu alikosea. Milango ilikuwa imefanana yote, ya bati, imebanwa na mbao: jiko, stoo, bafu, choo. Wageni waliwahi kuingia stoo wamekunja suruali. Mama Makopo hakukosea. Alitembea polepole akigusa kwa vidole ukingo wa kila kopo lililopangwa kuelekea milangoni, akinong'ona, "Njano. Njano. Buluu. Haya, hapa." Kisha akasukuma mlango sahihi, maana kila mlango ulikuwa na rangi zake. Brashi alimsikia akinong'ona hivyo kila siku. Alidhani anaongea na maua yake, kama alivyofanya tangu ujana.

Binti akakubali kwa shingo upande. "Nitakuja Jumapili na mume wangu. Tukikuta mnaendelea vizuri, sitasema tena. Lakini baba, tukikuta sivyo, namchukua. Usinilaumu."

Basi Brashi akatafuta namna ya kumwonyesha binti kwamba nyumba iko imara. Alizunguka uani akiangalia kwa jicho la mkaguzi, na kilichomkera ni makopo. Kutu imekula pembeni, rangi imebabuka, matawi yamekauka kwa sababu mwenyewe hakumbuki tena kupogoa. Mtu akiingia, alifikiri, ataona nyumba ya wagonjwa. Akaona pia, Mungu amsamehe, nafasi ya kumfurahisha mkewe kwa kitu pekee anachokijua duniani. Alikuwa na rangi nzuri ya mafuta aliyoitunza, nyeupe ya maziwa, ile inayopakwa kwenye majumba ya watu wenye nafasi.

Dobi alipokwenda kupeleka nguo, na mama amelala baada ya kula, Brashi alianza. Na kwa kuwa alikuwa fundi wa kweli, hakupaka juu juu. Mafundi wa kulipua wanapaka juu ya uchafu, yeye hapana. Alishika brashi ya waya akakwangua kila kopo mpaka bati likawa tupu, akafuata na msasa, akafuta kwa tina ya kuyeyushia rangi, akapaka ya kuzuia kutu. Kesho yake mkono wa kwanza wa ile nyeupe. Siku iliyofuata mkono wa pili. Siku zote hizo alimweka mama chumbani na redio, akamwongoza mwenyewe chooni kwa mkono, akimwambia, "Fumba macho, kuna zawadi." Mama akafumba, akicheka.

Alipunguza matawi makavu. Akaongeza samadi. Kisha akayapanga makopo upya kwa ukuta, safu moja iliyonyooka, madogo pembeni, makubwa katikati, ukingo wa kila kopo umepigwa mstari wa kahawia bila kutetemeka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake uani kwake pakalingana na ufundi wake. Moyo wake ulitulia, na tuseme ukweli, alijivunia. Alimtoa mama kwa mkono mpaka mlangoni.

"Fumbua."

Mama Makopo akafumbua. Akashika mwimo wa mlango, akatazama huku na huku.

"Pazuri," alisema kwa adabu. "Wenyewe wako wapi?"

"Ni kwetu hapa, mama. Makopo yako haya."

"Pazuri kweli." Akamgeukia kwa sauti ya chini, sauti ya mgeni asiyetaka kusikika. "Lakini twende nyumbani. Tumekaa sana."

Brashi alijiambia atazoea. Usiku ule alimwongoza, asubuhi akamwongoza tena, na kila mara mama aliuliza kama wenye nyumba hawatakasirika. Alizunguka safu ile nyeupe akigusa kopo moja baada ya jingine, vidole vikitafuta, midomo ikifunguka na kufumbika bila neno. Mara akawa analia, bila sauti. Mumewe alimpangusa akamwambia maua yamependeza. Hakuelewa. Hilo nalisema wazi maana wapo waliomhukumu baadaye kwamba alijua. Hakujua, na kutojua huko ndiko kulikomaliza kila kitu.

Jumapili binti aliingia na mumewe, na la kwanza alilosema lilikuwa, "Baba! Uani pamekuwa kama hotelini!" Mkwe akapiga picha. Brashi akavimba kichwa. Walikaa kwenye mkeka, mama katikati yao amevaa gauni la kutokea, akijibu maswali kwa heshima, akitabasamu kwa kila mtu. Mambo yakaenda vizuri hadi binti akanong'ona, "Baba, mbona hajambo?"

Ndipo mama aliposimama. Brashi akainuka kumsindikiza, mama akamzuia kwa kiganja. Aliona haya, anasindikizwaje chooni na mwanamume mbele ya wageni? Akaenda peke yake. Akafungua mlango wa stoo, akaufunga. Akafungua jiko. Akarudi kwenye makopo, akagusa moja, akagusa la pili, akaanza kukimbia kidogo kidogo, huku na huku, kwa ukuta mzima, mkono mmoja umekamata gauni. "Iko wapi?" alisema. "Iko wapi jamani?" Brashi alipomfikia, gauni lilikuwa limeloa mpaka miguuni, na mama ametazama ardhi kama mtoto anayesubiri kuchapwa.

Mkwe aligeuka akatazama ukuta. Binti alimwogesha mama yake, akamvisha, akakusanya nguo zake kwenye begi. Hakumlaumu baba yake hata kwa neno moja, na afadhali angemlaumu.

"Nipe wiki moja," Brashi aliomba.

"Baba, amejikojolea nyumbani kwake. Hajui choo kilipo."

"Alikuwa anajua! Juzi tu alikuwa anajua!"

"Najua, baba. Ndivyo ugonjwa ulivyo."

Mama aliingia garini bila ubishi. Aliagana na mumewe kwa mikono miwili, kama anavyoagwa mwenyeji mwema, akamshukuru kwa ukarimu.

Dobi ndiye aliyelisema, jioni ile ile, akikunja mashuka. Hakukusudia kumwumiza mtu. "Mzee, na mimi nilishangaa ulipoyapaka rangi moja. Mama si alikuwa akifuata zile rangi? Kile kikopo cha mlango wa choo, alikuwa akikisalimia kabisa."

Brashi akakaa chini, pale pale kwenye saruji. Hakumwomba dobi arudie. Mambo yote aliyoyasikia kila siku, njano, njano, buluu, haya hapa, yalimrudia mara moja, na akajua ni nani aliyempoteza mkewe uani kwake mwenyewe. Ugonjwa ulikuwa bado haujafika pale. Yeye ndiye aliyeufikisha, kwa mikono miwili ya rangi ya mafuta.

Asubuhi alitoa stoo mabaki yote ya rangi, akayafungua, akayakoroga, akayapanga chini. Angerudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Angempigia binti, wangekuja wajaribu tena, wangeona wenyewe. Akachovya brashi kwenye nyekundu, akainama mbele ya kopo lililokuwa la mlango wa choo, na mkono ukasimama hewani.

Lilikuwa rangi gani?

Akachukua kisu akakwangua pembeni kidogo, kutafuta rangi ya zamani chini yake. Chini ya maziwa palikuwa na ya kuzuia kutu, na chini ya ya kuzuia kutu palikuwa na bati. Fundi wa kulipua angeacha kitu. Yeye hakuacha kitu.

"Dobi! La chooni lilikuwa rangi gani?"

"Jekundu..." Dobi aliinua pasi. "Au la chungwa? Mzee, mimi macho yangu yako kwenye nguo za watu."

Miaka yote ile aligeuza macho asiyaone makopo. Sasa alijaribu kuyaona, akafumba macho akajilazimisha, yakaja makopo mengi ya rangi nyingi, na hakuna hata moja lililokubali kukaa mahali pake; hata ile njano, njano, buluu hakujua ilikuwa ya mlango upi. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyejua. Brashi akafuta mkono kwenye suruali, akapiga simu.

Binti alisita, kisha akampa mama simu sikioni. Brashi alisikia pumzi yake.

"Mama watoto, ni mimi. Nisikilize. Lile kopo la mlango wa choo, ulilipaka rangi gani?"

Aliweza kumsikia akijitahidi, akitaka kwa dhati kumsaidia mtu huyu aliyepiga simu.

"Ah, baba, mimi sijui," alisema mama kwa upole. "Hayo mambo ya rangi muulize mume wangu. Yeye ndiye fundi."

Brashi alisimama na brashi mkononi, nyekundu ikidondoka kwenye kiatu.

"Haya," alisema. "Nitamuuliza."