Mgeni Tuliyemfunga kwa Leso

Nilimrukia yule mgeni pale alipomwinamia mwanangu mlangoni na kumuuliza, "Baba yako huenda wapi akitoka msikitini?"

Tangu bomu la Nairobi, sisi wa Mji wa Kale tulikuwa tukiogopa hata vivuli vyetu. Na mgeni huyu alikuwa akishinda kwenye baraza ya jirani, akiletewa kahawa chungu anaitisha maziwa. Nikaona ndiye muuaji mwenyewe. Nikammwagia maji ya mchele, nikapiga ukemi, "Mtu wa bomu!" Wanawake wakatoka, tukamfunga mikono kwa leso, tukamkokota hadi kituoni, mimi mbele kama jemadari.

Sajini akajishika kichwa. "Mama, umemfunga askari wetu wa upelelezi!"

Majirani wakaangua kicheko. Mimi nikalikumbuka swali alilomuuliza mwanangu. Kumbe anayewindwa ni mume wangu, mwalimu wa madrasa! Nikapandwa na hasira.

"Chukua kalamu, sajini. Nashtaki."

Akaandika nilivyomtajia: "Serikali ikitaka habari za mume wangu, ije mchana, ipige hodi, imuulize mwenyewe. Kumchimba mtoto wa miaka mitatu si upelelezi, ni uoga."

Nikatia sahihi.