Siku Niliyochanja Samaki

Mama aliyekuwa akiniuzia sweta za watoto za biashara yangu pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, aliniambia kwamba kesho yake hatafungua duka. Nikamuuliza kama kuna msiba. Akasema hapana, anakwenda shambani kwa baba yake kuchoma samaki sindano.

Nilidhani hatujaelewana. Tulikuwa tukizungumza kwa Kichina changu cha sokoni, Kiingereza chake kidogo, na mikono. Akachukua pini mezani, akaielekeza kwenye kiganja chake, kisha akaupindapinda mkono kama samaki aliyetolewa majini. Nilikulia Singida, ambako samaki nilimjua akiwa mkavu. Haikuwahi kunijia kwamba samaki naye huugua. Nikaomba twende wote.

Msako wa polisi wa kukagua pasipoti za wageni ulikuwa umepamba moto mwaka ule. Wenzetu wengi walishinda wamejifungia vyumbani. Dada niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, mfanyabiashara wa simu kutoka Mbeya, alinishangaa.

"Unakwenda wapi na hali hii?"

"Kuchoma samaki."

"Basi niletee kipande, na pilipili."

Nilicheka, nikamweleza. Hakuniamini.

Tulisafiri kwa basi zaidi ya saa moja mpaka kwenye mabwawa. Baba yake alikuwa mzee mfupi mwenye buti za mpira mpaka mapajani. Yeye na majirani walikuwa wamewavuta kwa wavu samaki wachanga, urefu wa kiganja, wa aina ile inayokula majani. Meza ilitandikwa kitambaa kibichi. Chanjo ilikuwa kwenye sanduku la barafu, na mpira mwembamba uliitoa chupani mpaka kwenye bomba la sindano. Ukibonyeza mara moja, inatoka dozi moja. Sindano yenyewe ilivishwa kipande cha plastiki, ikabaki ncha fupi tu, isije ikamchoma samaki utumbo.

Niliuliza maswali mpaka mama wa sweta akachoka kutafsiri. Wanaumwa nini? Mzee akasema ni kirusi. Joto likipanda, samaki huvuja damu kwenye mapezi, na ukimpasua, nyama imekuwa nyekundu. Kiangazi kimoja aliamka akakuta samaki wa bwawa zima wameelea.

"Kwa nini usiwape dawa kwenye chakula?"

"Kirusi hiki hakina dawa. Akishaugua, umechelewa."

Akaniambia amesikia kwamba katika nchi za baridi wanawachanja samaki waitwao samoni vivyo hivyo, ila huwalaza kwanza kwa dawa ya usingizi.

"Na hawa?"

"Hawa tunawaomba wavumilie."

Akanipa nafasi mezani. Samaki wa kwanza alifurukuta nikajichoma kidole gumba. Nikauliza kama na mimi sasa nimechanjwa. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. "Kirusi hicho hakikutaki wewe," alisema. Baadaye mkono ukazoea: chini ya pezi la mbele, kwa mshazari, kuelekea kichwani. Kila niliyemrudisha majini alisimama kidogo, kama anayejiuliza, kisha akaenda zake.

Jioni niliomba bomba moja kuukuu na sindano yake nikawaonyeshe watu wa nyumbani. Hilo ndilo lililoniponza. Nilipotoka kwenye treni ya chini ya ardhi pale Xiaobei, polisi wawili walinisimamisha. Pasipoti haikuwa na tatizo, lakini walipofungua mkoba wakakuta sindano, wakashuku dawa za kulevya.

"Yu," nikasema. Samaki. Nikaonyesha ishara ya kuchoma. Mmoja wao, kijana, alidhani namfanyia mzaha. Wakanipeleka kituoni, nikaketi benchi moja na watu ambao viza zao zilikuwa zimekwisha. Niliogopa, maana hata mimi nilisikia jinsi maelezo yangu yalivyokuwa ya ajabu.

Waliniruhusu kumpigia simu mama wa sweta. Alikuja mbiombio, bado ana matope kwenye viatu, akaeleza kila kitu. Askari mkubwa aliinusa sindano, akakunja uso. Ilinuka samaki. Ndipo akaanza kuuliza mambo yasiyohusu polisi. Mnachoma wapi? Nikamwonyesha kwenye mkono wangu. Samaki anaumia?

"Sijui," nilimjibu. "Nilitaka kumuuliza mzee, nikasahau."

Alinirudishia pasipoti, sindano akabaki nayo. Nilipoinuka, wale wa kwenye benchi walinitazama mpaka nikatoka mlangoni na mama wa sweta.

Nilirudi nyumbani na mzigo wangu, na nilipokwenda tena Guangzhou mwishoni mwa kiangazi, mama wa sweta alimpigia baba yake simu, nikiwa nimesimama pale dukani. Mzee alisema baadhi ya samaki tuliowachanja walikufa kwa kukosa hewa siku za joto kali, lakini hakuona hata mmoja mwenye damu kwenye mapezi. Kisha akamwambia bintiye aniulize kama samaki wa kwetu nao wanaugua.

Nikamwambia sijui, nitauliza. Nilipofika nyumbani nilikwenda kwa wauza samaki sokoni, mmoja baada ya mwingine. Walinicheka. Ila mmoja aliacha kupanga samaki wake, akaniuliza, "Kwani wao huanza kuumwa vipi?" Nikavuta kigoda nikakaa.