Siku Bagika na Bagalu Walipokuja Darasa la Pili

Mpaka leo nikipita sokoni Bariadi mtu akanitingishia bega huku anacheka, najua alikuwepo siku ile, na aibu inanipanda upya utadhani ni jana.

Nilikuwa mwalimu mpya wa darasa la pili, kijiji kimoja nje kidogo ya mji, miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachwa huru na maduka ya Somanda pale mjini yalipoanza kujaa sabuni za kila rangi na kila mtu akavaa mitumba, ila vitabu shuleni vilikuwa vya kugombania. Nilikuwa na watoto wanaosoma mpaka gazeti lililofungiwa sukari, na wengine kama Nkwimba, ambaye akiona herufi anainamisha kichwa mpaka umwonee huruma. Mkaguzi alikuwa anakuja kuniangalia ili nithibitishwe kazini, na mwalimu mkuu alishaniambia wazi, "Wasiposoma wote, binti, utarudi kwenu Kalemela ukaanike dagaa."

Basi nikagawa darasa pande mbili, wanaojua na wasiojua wakichanganyika, na upande haupati alama mpaka yule wa nyuma kabisa asome, hivyo wakawa wanafundishana hata mapumzikoni. Mpaka hapo nilikuwa na akili. Kilichoniponza ni majina. Nikawaita Bagika na Bagalu (zile pande mbili za ngoma zinazoshindana huku kwetu baada ya mavuno, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi kwake). Mimi, Msukuma mzima, nikadhani watoto hawatayafikisha nyumbani.

Siku yenyewe, mkaguzi ameketi nyuma, Nkwimba amesimama kuwasomea Bagika, kidole kwenye mstari, nikasikia ngoma nje. Nikachungulia: wazazi wamejipanga uwanjani pande mbili, njuga miguuni, na babu yake Nkwimba ndiye anawaongoza Bagika. Nikatoka mbio.

"Mwangaluka, guku," nikamsalimia babu huyo kwa Kisukuma (adabu kwanza, hata nyumba ikiungua). "Leo tuna mgeni wa serikali, naomba mnyamaze."

"Mwangaluka, mayu. Mashindano umeyaita mwenyewe," akanijibu kwa upole, akiniita mama kwa heshima. "Sasa watoto washindane bila ngoma, kwani wao ni yatima?"

Nilikuwa nimevaa viatu vya visigino virefu, vya mitumba, nilivyonunua mnadani kwa ajili ya mkaguzi, na nilipogeuka kisigino kikazama mchangani, nikaruka kwa mguu mmoja, nikapepesuka, mikono juu, bega likatikisika lenyewe, na wapiga ngoma wa Bagalu (Mungu awasamehe) wakanifuata mdundo kwa mdundo. Akina mama wakapiga vigelegele, "Mwalimu ni Bagalu!" Watu wote wakahamia upande wangu, watoto nao wakamwagika kupitia madirishani, mwalimu mkuu aliyekuja kuwafukuza nikamwona anatikisa kichwa kufuata ngoma, na kila nilivyojaribu kuchomoa kiatu ndivyo nilivyozidi kushangiliwa. Nililia kabisa, wakadhani ni jasho.

Nikarudi darasani mguu mmoja peku, kazi nimeshaiaga moyoni. Madawati matupu. Amebaki Nkwimba peke yake, anasoma polepole, "Ma-ma a-na-te-ka ma-ji," na mkaguzi amesogea mpaka dawati la mbele, anamsikiliza.

"Mheshimiwa, naomba radhi," nikaanza.

"Mwalimu, ondoka hapo mlangoni," akasema bila kugeuka. "Unamzibia mwanga, na bado mistari miwili."

Nkwimba aliimaliza yote miwili, nami nikathibitishwa. Lakini babu yake alikaa muda mrefu hanisemeshi, kwa kuwa nilichezea Bagalu siku mjukuu wake anawasomea Bagika, na hilo liliniuma kuliko vicheko vyote. Makundi yangu ya kusoma tangu hapo hayana majina. Mwishowe nikamfuata mzee nyumbani kwake, nikamwapia kwamba sitacheza tena upande wowote maishani. Akauliza, "Sasa kama hukutaka, mayu, kwa nini ulicheza vizuri vile?"