Sampuli ya Mama Ilivyofika Kangle

Habari za msiba zilinikuta Guangyuan Xilu, mtaa wa soko la nguo huku China, nimesimama na mteja katikati ya marobota. Mheshimiwa wetu wa bunge la kaunti amefariki. Aliingia udiwani kabla sijazaliwa, kaunti zilipoundwa akahamia bunge lake, na hakuna uchaguzi aliowahi kushindwa. Wakenya wenzangu wa hapa Guangzhou wanamlilia kwenye kundi letu la simu, wakimwita mtetezi wa mafundi cherehani. Nimechelewa kuandika kwa sababu mkono wangu ni mzito, na kwa sababu mama yangu ni mmoja wa mafundi hao.

Mama na wenzake walimpigia kampeni, mama akianzisha nyimbo, kwa ahadi moja: sare za chekechea za kaunti nzima wangeshona wao. Alipotaka sampuli, mama alimshonea shati la kijani, kola akaipitishia mshono mara mbili. Mwaka jana Mheshimiwa alikuja huku, nami nikaitwa kumtafsiria, maana Kichina nilikiokota sokoni baada ya darasa la nane. Kwenye karakana moja ya Kangle, mtaa wa washonaji hapa Guangzhou, akafungua mkoba, akatoa shati lile lile. “Mwambie bosi anishonee mengi kama hili, ya kaunti nzima.” Nikatafsiri. Laoban, mwenye karakana, akaivuta kola na kuuliza kwa nini imeshonwa mara mbili. Nikamjibu mwenyewe kwamba watoto huitafuna.

“Anasemaje?” akauliza Mheshimiwa.

“Anauliza habari za kola. Mama yangu ndiye aliyeishona.”

Akanitazama kidogo, kisha akanipiga bega. “Basi mama ana mkono mzuri. Msalimie. Na haya ya huku tuyaache huku, sawa kijana?”

Sare zilipofika nyumbani, aliwaambia akina mama kwamba wakubwa wa kaunti wamemzidi nguvu. Wakampa pole, na kura wakampa tena moyoni. Juzi mama alinipigia akilia kwamba mtu wao amekwenda. Nikamweleza niliyoyaona. Akasema, “Kumzika nitakwenda, ni jirani. Lakini wimbo wa kumsifu watafute mwingine wa kuuanzisha.”

Tumezoea kumpima kiongozi kwa miaka aliyokaa kitini. Huyu miaka mingine alikalia pole tulizompa kwa uongo wake. Marehemu husemwa kwa mema, na jema lake ninalolijua ni kwamba kazi nzuri aliitambua. Kiongozi akikusifia kazi ya mikono yako, usishangilie bado. Muulize kwanza anaipeleka wapi.