Ruhusa ya Msiba ya Bibi Tupokigwe

Bibi Tupokigwe hakuwa mwongo. Nalisema mapema kwa sababu wapo watu wa vilima vya Itumba ambao wakisikia jina lake hucheka kwanza, ndipo waulize habari. Alikuwa mjane wa Kindali, mkali wa maneno, mwepesi wa kupanda mlima kuliko wasichana wengi, na mwanakwaya ambaye sauti yake ilimfanya mwalimu wa kwaya aombe uvumilivu kwa Mungu. Uongo mkubwa alisema mara moja tu katika maisha yake. Tatizo ni kwamba aliusema vizuri mno.

Alikuwa akiishi na mjukuu wake Priska, mtoto wa marehemu binti yake Fides. Fides alipokuwa kitandani anakata roho hakuomba mengi. Alisema, "Mama, mtoto asome," na Tupokigwe akakubali, kama mtu anavyokubali mbele ya mgonjwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kusoma nako kuna sheria zake.

Sheria hizo alizileta Mwalimu Lusubilo, kijana aliyeletwa kutoka Rungwe kufundisha shule ya serikali ya wenyeji. Alivaa kaptura iliyonyooshwa kwa pasi hata siku za matope, na kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Aliwaita wazazi akawasomea kwamba mtoto akikosa shule juma zima bila sababu, jina lake linafutwa, na aliyefutwa hafanyi mtihani wa darasa la nne. Sababu zinazokubalika ni mbili, akasema, ugonjwa na msiba.

"Na ndege?" akauliza Tupokigwe.

"Ndege si sababu, Bibi."

Wazazi wakaangua kicheko. Walidhani kijana wa watu anawatania.

Msomaji ambaye hajawahi kulima ulezi asiwacheke wazazi wale. Ulezi ukianza kukomaa, ndege huja toka alfajiri mpaka jua kuchwa, makundi kwa makundi, na hawajui Jumapili wala sikukuu. Mtu hukaa juu ya dungu, jukwaa la miti, akaamia, yaani akapiga kelele, akagonga debe, akatupa mawe kwa kombeo. Shamba la Tupokigwe lilikuwa refu, limeshuka ubavuni mwa kilima mpaka kijitoni. Akiwafukuza ndege upande wa juu, wanatua upande wa chini na kuendelea na mlo wao. Shamba lile lilihitaji watu wawili, na nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, yeye na Priska. Majirani nao walikuwa na ndege wao.

Mwaka ule Priska alikuwa darasa la nne. Ulezi ukiliwa, njaa. Priska akikosa shule, jina linafutwa, na ahadi kwa Fides inakwenda nalo. Tupokigwe alikaa usiku akitafuta njia ya tatu.

Kwanza alijaribu ugonjwa. Priska akaumwa tumbo Jumatatu asubuhi, akiwa juu ya dungu. Lakini Mwalimu Lusubilo alikuwa na moyo mwema, na mtu mwenye moyo mwema ni msumbufu kuliko mkorofi. Alimfuata mtoto mwenyewe, akampeleka zahanati, na dresa, mganga wa pale, akampa mafuta ya mbarika kikombe kizima. Priska alishinda kutwa akikimbia kati ya zahanati na choo. Jioni alirudi kwa bibi yake akiwa hana nguvu ya kusimama.

"Bibi," alisema, "afadhali niliwe na ndege."

Ikabaki sababu ya pili. Na hapo Tupokigwe akakumbuka mwezi wa Februari, Mfalme Joji alipofariki huko kwao Uingereza. Shule ilifungwa, bendera ikashushwa nusu mlingoti, watoto wakarudishwa nyumbani. Mfalme hakuna mtu pale kijijini aliyepata kumwona hata kisogo. Ikiwa kifo cha mtu mmoja asiyejulikana kimeondoa shule nzima, akawaza, je, kifo cha ndugu wa damu hakitamtoa mtoto mmoja?

Akaanza kutafuta wa kumfisha. Walio karibu hawakufaa, maana wangeonekana sokoni. Wazee hawakufaa, maana wangeweza kusikia wakafa kweli kwa hofu. Mwisho akamwangukia mdogo wake Watson, aliyekuwa akichimba dhahabu huko Saza. Watson alikuwa kitinda mimba wao, na Tupokigwe ndiye aliyembeba mgongoni mama yao akiwa shambani. Alikwenda Saza kijana, akaahidi kurudi wakati wa mavuno, na mavuno yalikuwa yamepita mengi bila yeye. Watoto wa siku zile hawakumjua hata sura.

"Nisamehe, mdogo wangu," Tupokigwe akanong'ona Jumanne asubuhi, njiani akielekea shule. "Ni kwa muda tu."

Mwalimu Lusubilo alipopata habari alivua kofia. "Pole sana, Bibi. Mtoto akae nyumbani juma hili lote. Msiba ni msiba."

"Ndaga, mwanangu," akashukuru Tupokigwe kwa sauti ya kufiwa, akainama, akaondoka polepole mpaka kwenye kona. Alipoipita kona alikunja kitenge akatimua mbio, na kabla jua halijakaza alikuwa juu ya dungu, Priska yuko chini kijitoni, na ndege wakiona cha mtema kuni.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Tupokigwe ilifika mpaka saa nne.

Alikuwa amesahau jambo ambalo hata mtoto wa pale analijua, kwamba msiba hauwi wa mtu mmoja. Mwalimu alimpa pole jirani wa Tupokigwe, Jenista, waliyekutana njiani. Jenista hakungoja kuulizwa. Aliweka mtungi chini, akashika kichwa, akalia njia nzima, na kila nyumba aliyoipita ikatoa watu. Walipofika kwa mfiwa hawakumkuta uani. Walimkuta juu ya dungu, anapiga debe.

"Masikini!" Jenista akalia. "Uchungu umempanda kichwani!"

Wakampandia, wakamshusha, wawili wakimshika mikono na mmoja akimwondolea debe kwa upole kama anayemnyang'anya kichaa kisu. Wakamkalisha kwenye mkeka. Na sasa sikiliza adhabu iliyompata mwanamke yule. Kwa desturi ya kwao, nyumba yenye msiba haishiki jembe wala haiendi shamba mpaka matanga yaanuliwe. Priska naye aliitwa kutoka kijitoni, akafungwa kitambaa kichwani na kukalishwa karibu na bibi yake. Basi wakakaa pale wawili hao, wakipewa pole kutwa, huku ndege wote wa bonde lile wakishuka kwenye ulezi usio na mwenyewe. Tupokigwe aliwasikia. Kila kundi lilipotua, alilia.

"Alimpenda sana ndugu yake," watu wakaambiana.

Alilia Jumanne, akalia Jumatano. Alipoomba ruhusa ya kwenda kujisaidia ili apite shambani, walimsindikiza wanawake wanne. Alhamisi alimwambia Jenista kwamba angependa kuomboleza juu ya dungu, peke yake, na debe. Jenista alimkumbatia akamwambia Mungu atampa nguvu.

Wakati huohuo habari ilikuwa safarini. Mpwa wake Jenista alikuwa taniboi wa lori la Mbeya, na Jenista alimwagiza awape habari ndugu wa upande wa huko. Alimwagiza kwa adabu, kama inavyotakiwa. Habari ya kifo haitajwi jina njiani, maana jina la maiti likimkuta mtu peke yake barabarani laweza kumwangusha. Husemwa tu kwamba kuna msiba kwa fulani, mje. Kijana akaipokea hivyo, akamkabidhi dereva wa lori la Saza, naye akaishusha mgodini hivyohivyo: kuna msiba nyumbani kwa Tupokigwe, mje. Ikamfikia Watson, akiwa hai na mwenye vumbi. Nyumbani kwa dada yake alijua mtu mzima mmoja tu. Akaketi chini, akavua kofia ya bati, akalia mbele ya wenzake bila haya. Kisha akaenda kwa msimamizi kuomba ruhusa ya msiba.

Jumamosi ndiyo siku ya kuanua matanga. Mwalimu Lusubilo alikuja na shule nzima, watoto wamepanga mstari, kila mmoja na kuni kichwani, wakiimba. Jenista aliwapokea kuni, mzee wa kanisa akaanza sala. Tupokigwe aliona hawezi kukaa kimya mbele ya kuni nyingi namna ile. Akavuta pumzi, akatoa ile sauti ambayo kwaya ilikuwa ikiiogopa.

"Watson weee! Mdogo wangu, umeniacha na nani!"

Kutoka njia ya chini, nyuma ya migomba, sauti nzito ya kiume ikajibu:

"Tupokigwe weee! Dada yangu, umeniacha na nani!"

Mzee wa kanisa, aliyekuwa katikati ya sala, alisema amina kabla ya wakati wake. Migomba ikatikisika, akatokea mtu mwenye viatu vya mgodini na koti la mvua, macho mekundu, akilia kwa moyo wote huku akitazama chini ili asijikwae. Alitembea mpaka mbele ya mkeka. Akainua uso ili amwone mfiwa, akamwona marehemu.

Naye marehemu alimwona marehemu. Wakatazamana. Jenista alipiga yowe, akaruka uzio na mtoto wa watu mgongoni, na ilichukua muda mrefu kumrudisha.

"Dada," alisema Watson, "si umekufa?"

"Mimi? Aliyekufa ni wewe!"

Wapo waliocheka. Mwalimu Lusubilo hakucheka. Alisogea mpaka mkekani, na kila mtu alijua sheria. Sababu ikiwa ya uongo, siku zote zinahesabika utoro, na juma lilikuwa limetimia.

"Bibi," alisema taratibu, "kulikuwa na msiba au hakukuwa?"

Priska akajifunika uso kwa kitambaa chake cha msiba akaanza kulia, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza analilia nini. Tupokigwe akasimama.

"Hakukuwa," alisema. "Mtoto hana kosa, mimi ndiye niliyemzuia. Nilikuuliza habari ya ndege, ukasema ndege si sababu. Haya. Leo nawaona hapa, shule nzima, kanisa zima, kuni hizi nitazipikia mpaka masika yajayo. Mmekuja mbio kwa ajili ya mtu ambaye hata hakufa. Ndege wanakula chakula changu tangu mwanzo wa mwezi, napiga kelele mpaka sauti inakauka, na ninyi nyote mnanisikia. Ni nani aliyekuja? Ningesema nini, Mwalimu? Niseme sina mtu? Mimi, mwenye ndugu? Niliona aibu. Mtu aliyefiwa na ndugu si sawa na mtu asiye na ndugu."

Majirani wakatazama kuni. Mwalimu akageuza kofia yake mikononi, akaigeuza tena. Alikuwa kijana, na sheria aliyopewa ilikuwa na sababu mbili tu.

"Mimi nimeandika msiba," alisema hatimaye. "Nimefika, nimekuta watu wanalia. Nimesikia kwa masikio yangu wafiwa wawili, kila mmoja na maiti wake. Sitaandika vingine. Lakini Jumatatu, Bibi, Priska asipokuwa darasani nitafuta jina, na itaniuma."

"Na Jumatatu nani ataamia?" akauliza Tupokigwe. Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa amechoka.

Watson alikohoa. "Msimamizi amenipa ruhusa ya kumzika dada yangu," alisema. "Dada mwenyewe bado hajazikwa. Sioni kwa nini nirudi upesi."

Watu wakacheka kwa nguvu, wakafurahi kupata kitu cha kuchekea. Jenista akasema upande wa kijitoni ataushika yeye na wanawe kwa zamu, na wengine wakaitikia, kila mmoja akitaja siku yake kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. Ila Tupokigwe hakucheka. Alikuwa akimtazama mdogo wake, mvi zilizomwingia kichwani, na mabega aliyokuwa akiyabeba yalipokuwa madogo.

"Umekuja kwa sababu nimekufa," alimwambia.

"Ndiyo, dada."

"Ningekuita kwa ajili ya ndege, ungekuja?"

Watson alivua koti lake la mvua. Akachukua kombeo la Priska, akateremka shambani na viatu vyake vya mgodini.