Kofia ya nyaya na mkono wangu uliokataa kufunguka

Wakuu, habari za leo.

Mimi husoma tu humu, leo ndiyo nimejikaza kuandika. Natumia kidole gumba cha kushoto, kwa hivyo mnivumilie. Niliishia darasa la nane, lakini haya yamenipata mwenyewe na sijatia chumvi.

Ni mchonga vinyago kutoka mji wa Wamunyu. Mwaka jana kiharusi kilinipata nikiwa kazini. (Ndiyo, hata vijana hupata.) Mguu ulirudi, ila mkono wa kulia ulibaki umefunga ngumi.

Mwenye karakana alikubali kunitunzia nafasi yangu mpaka oda za Krismasi zianze. Baada ya hapo angeweka mtu mwingine.

Hospitali moja ilikuwa inajaribu mashine mpya, nikakubali. Unavaa kofia ya nyaya kichwani na glavu ya mota mkononi, kisha unawaza kufungua mkono bila kuusogeza. Dada wa mazoezi, Mwende, alinieleza kwamba mtu akiwaza hivyo, mawimbi fulani ya ubongo hushuka. Kompyuta ikiyaona yameshuka, glavu inafungua vidole papo hapo. Hivyo ubongo na mkono vinaanza kujuana tena.

Kwanza walinipima kwa koili ya sumaku. Inawekwa juu ya kichwa, inalia tak, na kidole kinatakiwa kiruke. Changu kiliruka kidogo tu, tena baada ya kuongezwa nguvu sana. Mwende akasema njia ya kutoka ubongoni hadi mkononi ipo, ila imelala.

Wiki za kwanza glavu ilinyamaza. Nilikuwa nauambia mkono moyoni, funguka, funguka. Kaka yangu Musyoka, ambaye huchonga nami, aliniuliza kama nimejaribu kuuambia kwa Kikamba.

Nilikuwa karibu kuacha. Siku moja Mwende akaniuliza mkono huo hufunguka wakati gani nikiwa kazini. Nikafikiri. Tezo la kuchongea halitoki mkononi tangu asubuhi. Kinachogeuka ni mti, na unageuzwa kwa kushoto.

"Haufunguki," nikamwambia.

"Hata mara moja?"

"Labda nikipapasa kinyago, kutafuta mahali hapajalainika."

"Basi usiuambie kitu. Papasa."

Nikafumba macho, nikawaza napapasa mgongo wa kinyago cha kiboko. Glavu ikafunguka. Nilidhani Mwende amebonyeza kitu, nikarudia, ikafunguka tena.

Mazoezi yalipoisha, koili ilirudi. Safari hii nguvu ilikuwa ndogo na kidole kikaruka vizuri. Nikasema nimepona.

Mwende akanituliza. "Ubongo sasa unaitika upesi. Lakini kuitika si kushika."

Alisema kweli. Oda zilianza, nikarudi karakanani, tezo likaniponyoka, na kijana mwingine akakaa mahali pangu. Iliniuma sana, wakuu. Nilikaa nyumbani sitaki kuona mtu.

Baadaye niliona vidole vinafunguka bila glavu, ingawa havina nguvu. Nikamwomba Musyoka anifundishe kuchonga kwa kushoto, huu wa kulia utulize mti. Twiga wangu wa kwanza ametoka shingo imepinda. Musyoka anasema huyo ameona simba.

Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa nangoja mkono wa zamani, na uliorudi ni mwingine. Nao pia una kazi.

Kama humu kuna aliyepitia haya, au anauguza mtu nyumbani, atuambie. Mkono wenu ulianza kuitika mkifanya nini?